Uchumi wa Michezo Mikubwa ya Video: Gharama, Mapato na Kisa cha Kampuni ya 38 Studios

0. Utangulizi

Tarehe 24 Mei 2012, wafanyakazi karibu mia nne wa kampuni ya 38 Studios, wengi wao wakiwa mjini Providence katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, waliarifiwa kwamba wote wameachishwa kazi. Mshahara uliotakiwa kulipwa katikati ya mwezi ule ulikuwa haujalipwa. Jambo la kushangaza ni kwamba miezi mitatu tu kabla ya siku hiyo, kampuni ilikuwa imetoa mchezo wa video uitwao Kingdoms of Amalur: Reckoning, ambao katika siku zake 90 za kwanza uliuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Katika biashara ya vitabu, nakala milioni moja ni ndoto ya kila mwandishi na kila mchapishaji. Inakuwaje basi bidhaa iliyonunuliwa mara milioni moja ishindwe kuwalisha wale walioitengeneza?

Madhumuni ya makala haya ni kulijibu swali hilo. Kwanza yataeleza maana ya mchezo mkubwa wa video na watu wanaoshirikiana kuuleta sokoni. Baadaye yatachambua gharama na mapato, kisha yatarudi kwenye kisa cha 38 Studios ili kuona jinsi hesabu hizo zinavyofanya kazi katika maisha ya watu. Mwishoni yatatazama kwa ufupi mahali pa lugha ya Kiswahili, na pa nchi ya Kongo yenyewe, katika biashara hii ambayo kwa mtazamo wa haraka inaonekana kuwa mbali nasi.

1. Mchezo mkubwa ni nini?

Mchezo wa video ni programu ya kompyuta ambayo mchezaji huiendesha mbele ya kioo, ama kwa mashine maalumu ya kuchezea iliyounganishwa na televisheni, ama kwa kompyuta, ama kwa simu. Wafanyabiashara huigawa michezo hiyo kwa kadiri ya fedha zinazotumika. Ile ya tabaka la juu kabisa huitwa kwa herufi tatu, AAA, kama vile mtu anavyosifu daraja la kahawa au la mbao. Herufi hizo hazipimi uzuri wa mchezo; zinapima ukubwa wa fedha iliyowekwa ndani yake.

Msomaji anayejua jinsi kitabu kinavyotolewa hatapata shida kuelewa mpango wa kazi. Mtengenezaji ni sawa na mwandishi: huyo ndiye mwenye wachoraji, waandika programu, watunzi wa hadithi, wanamuziki na wapimaji. Mchapishaji hutanguliza fedha, hutangaza kazi na kuifikisha sokoni. Muuzaji ana duka, ambalo siku hizi mara nyingi ni duka la intaneti. Lakini hapa yupo mtu wa nne asiyekuwapo katika biashara ya vitabu, yaani mwenye mashine. Kampuni za Sony, Microsoft na Nintendo zinatengeneza mashine za kuchezea, na hakuna anayeweza kuuza mchezo kwa ajili ya mashine hizo pasipo idhini yao. Ni kana kwamba mtu angetengeneza miwani ambayo pasipo hiyo kitabu hakisomeki, kisha akadai fungu lake katika kila kitabu kinachouzwa.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1982, kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa E.T., uliotokana na filamu ya Steven Spielberg. Programu yake iliandikwa na mtu mmoja, Howard Scott Warshaw, kwa muda wa majuma matano hivi. Kilichogharimu sana hakikuwa kazi yake, bali haki ya kutumia jina la filamu, iliyoripotiwa kuzidi dola milioni 20, pamoja na mamilioni ya vibweta vya plastiki vilivyotengenezwa kiwandani. Mchezo haukupendwa, na vibweta vingi vikabaki bila mnunuzi. Mwaka 1983 sehemu ya shehena hiyo ilifukiwa karibu na mji wa Alamogordo, katika jimbo la New Mexico, na mwaka 2014 ikafukuliwa mbele ya kamera. Katika hasara ile ya kwanza, fedha zilipotea katika plastiki. Katika hasara za leo zinapotea katika mishahara, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

2. Gharama: fedha inayotoka kabla ya senti kuingia

Wanauchumi hutofautisha gharama za namna mbili. Kuna gharama za kudumu, ambazo sharti zilipwe hata kama nakala moja tu itauzwa, na kuna gharama zinazofuata idadi ya nakala. Mwoka mikate anahitaji unga mwingine kwa kila mkate, na chapa ya chuo kikuu inahitaji karatasi nyingine kwa kila nakala ya jarida. Mchezo wa video, hasa unapouzwa kwa njia ya intaneti, hauko hivyo. Nakala ya kwanza inaweza kugharimu dola milioni 200, na nakala ya pili haigharimu karibu kitu. Gharama yote imejilundika mwanzoni, kabla ya mnunuzi wa kwanza kufungua mkoba wake.

Sehemu kubwa ya gharama hiyo ni mishahara. Kwa miaka mingi watengenezaji wa Marekani walitumia kadirio rahisi: mfanyakazi mmoja, pamoja na mshahara, bima, ofisi na vifaa vyake, hugharimu dola 10,000 kwa mwezi. Siku hizi, katika miji ya gharama kubwa, kadirio hilo limepanda. Tuseme basi kampuni ina watu 300. Kwa kadirio hilo la zamani itatumia dola milioni 3 kila mwezi, yaani milioni 36 kwa mwaka, na milioni 180 kwa miaka mitano.

Hesabu hiyo ya karatasi haiko mbali na mambo yalivyo. Mwaka 2023, katika kesi ambayo tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Microsoft ili kuizuia kuinunua kampuni ya Activision Blizzard, karatasi za Sony zilizofikishwa mahakamani hazikufutwa wino vizuri, na takwimu zilizokusudiwa kuwa siri zikasomeka. Ilionekana kwamba mchezo wa The Last of Us Part II, uliotolewa mwaka 2020, uligharimu dola milioni 220 hivi, ukiwa na wafanyakazi karibu 200 wakati kazi ilipopamba moto. Horizon Forbidden West, wa mwaka 2022, uligharimu dola milioni 212 kwa muda wa miaka mitano, na watu 300 hivi. Mwaka huo huo wa 2023, mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilieleza kwamba michezo mikubwa iliyoidhinishwa miaka mitano kabla ilikuwa na bajeti za kati ya dola milioni 50 na milioni 150, ilhali ile iliyotarajiwa kutoka mwaka 2024 au 2025 ilikuwa ikipewa milioni 200 au zaidi.

Takwimu hizo zinahusu utengenezaji peke yake. Matangazo yana bajeti yao. Mfano mashuhuri ni Call of Duty: Modern Warfare 2 wa mwaka 2009, ambao uliripotiwa kutengenezwa kwa dola milioni 40 au 50, lakini pamoja na matangazo na utoaji wa sahani bajeti ya kuuzindua ikafika milioni 200. Kwa maneno mengine, kuwaambia watu kwamba mchezo upo kuligharimu zaidi kuliko kuutengeneza.

Kwa nini gharama zimepanda hivyo? Sababu ya kwanza ni mashine zenyewe. Kila mashine mpya ina uwezo mkubwa wa kuonyesha picha; nywele, maji, vivuli na nyuso, ambavyo zamani vilidokezwa kwa nukta chache, sasa vinadaiwa vionekane kama vilivyo. Mashine haiyachori mambo hayo yenyewe. Yanachorwa na watu. Sababu ya pili ni ushindani: kampuni moja ikionyesha mji mzima unaoweza kutembelewa nyumba kwa nyumba, mnunuzi hataki tena mji wenye mitaa mitatu. Sababu ya tatu ni muda. Kazi iliyochukua miaka miwili sasa inachukua mitano au sita, na kila mwezi wa kuchelewa una mishahara yake.

3. Mapato: njia ya dola sabini

Tuseme sasa mchezo uko dukani kwa bei ya dola 70. Bei hiyo ilianza kuzoeleka mwaka 2020. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2005 au 2006, michezo mikubwa iliuzwa kwa dola 60. Kwa kuwa thamani ya dola ilikuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, bei halisi ya mchezo ilikuwa ikishuka katika kipindi kile kile ambacho gharama zilikuwa zikipaa.

Katika dola hizo 70, mwenye duka la intaneti huchukua fungu lake. Desturi iliyoenea ni asilimia 30, yaani dola 21. Desturi hiyo imeanza kutikiswa: mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni ya Epic Games ilifungua duka lililotoza asilimia 12, na duka la Steam likakubali kushusha fungu lake hadi asilimia 25, kisha 20, kwa michezo inayovuka mauzo ya dola milioni 10 na milioni 50. Hata hivyo, kwa wengi 30 ndiyo kanuni. Zinabaki dola 49.

Ikiwa mchezo umegharimu dola milioni 200 na matangazo milioni 100, inabidi dola hizo 49 zikusanywe zaidi ya mara milioni sita ili gharama zirudi tu, bila faida yoyote. Lakini si wote wanaonunua kwa bei kamili. Wapo wapenzi wasioweza kungoja, ambao hulipa 70 siku ya kwanza. Wapo wanaosubiri punguzo la sikukuu. Wapo wanaosubiri miaka miwili wapate kwa 15. Mfanyabiashara huwafuata wote, kundi baada ya kundi, kwa kushusha bei polepole. Wastani wa bei ukishuka kuwa dola 50, mchapishaji hupata 35 kwa kila nakala, na sasa nakala zinazohitajika zinazidi milioni nane na nusu. Hapo ndipo nakala milioni moja, zilizoonekana kuwa utajiri, zinapokuwa msiba.

Jambo la mwisho katika hesabu hii linamhusu mtengenezaji asiyekuwa na fedha zake. Mchapishaji aliyetanguliza gharama hujilipa kwanza. Mtengenezaji huanza kupata mrabaha baada ya deni hilo kumalizika, na kama mauzo hayakufika hapo hapati kitu zaidi ya mishahara aliyokwisha kuilipa wakati wa kazi. Anaweza kusifiwa na magazeti, kupewa tuzo, na mwezi unaofuata kufunga mlango.

4. Kisa cha 38 Studios

Kampuni hii ilianzishwa mwaka 2006 na Curt Schilling, mchezaji mashuhuri wa besiboli wa timu ya Boston Red Sox. Nambari 38 ilikuwa ya fulana yake uwanjani. Ndoto yake ilikuwa kutengeneza mchezo wa intaneti ambamo maelfu ya watu wangeishi pamoja katika ulimwengu mmoja wa hadithi. Kazi hiyo ilipewa jina la siri la Copernicus. Michezo ya namna hiyo ni miongoni mwa ile iliyo ghali kabisa kutengeneza, kwa sababu ulimwengu wote lazima uwe tayari kabla ya mkazi wa kwanza kuingia.

Mwaka 2010 jimbo la Rhode Island, lenye wakazi milioni moja na ushei, lilikuwa katika shida kubwa ya ukosefu wa kazi. Shirika lake la maendeleo ya uchumi lilikubali kuidhamini kampuni mkopo wa dola milioni 75 kwa sharti kwamba ihamie Providence kutoka Massachusetts na ilete nafasi 450 za kazi. Hatifungani ziliuzwa mwezi Novemba 2010. Lakini katika milioni hizo 75, fedha zilizokusudiwa kuifikia kampuni zilikuwa milioni 50 hivi. Nyingine ziliwekwa kando kwa ajili ya riba, akiba na ada. Mwaka 2016 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji ilidai mahakamani kwamba waliouza hatifungani walijua kuwa Copernicus unahitaji angalau milioni 75 ili ukamilike, na kwamba wanunuzi hawakuambiwa juu ya pengo la milioni 25. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila ukurasa mmoja haukusomwa kwa sauti.

Msomaji anaweza kuifanya hesabu mwenyewe. Mjini Providence kampuni ilifikia kuwa na wafanyakazi karibu 290. Kwa kadirio la dola 10,000 kwa mtu, hiyo ni milioni 2.9 kila mwezi. Dola milioni 50 zikigawanywa kwa 2.9 zinatosha miezi kumi na saba. Miezi kumi na saba kuanzia Novemba 2010 inaishia Aprili 2012. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana wafanyakazi hawakuwa idadi ile ile tangu siku ya kwanza, na kampuni ilikuwa na fedha nyingine pia. Hata hivyo, tarehe 1 Mei 2012 kampuni ilishindwa kulipa dola milioni 1.125 ilizokuwa ikidaiwa na shirika la jimbo.

Na Kingdoms of Amalur, je? Mchezo huo ulitengenezwa na tawi la kampuni lililokuwa Maryland, ukachapishwa na Electronic Arts mwezi Februari 2012. Gavana Lincoln Chafee, ambaye hakuwa madarakani wakati mkopo ulipokubaliwa, alisema kwamba ulihitaji kuuza nakala milioni 3 ili urudishe gharama. Schilling hakukubaliana naye, akidai kwamba mauzo yalivuka matarajio ya mchapishaji. Inawezekana kila mmoja aliutazama upande wake wa hesabu. Kwa muuzaji, nakala zaidi ya milioni moja ni mwanzo mzuri. Kwa kampuni iliyohitaji fedha taslimu kabla ya mwezi kwisha, mauzo ambayo kwanza yanalipa deni la mchapishaji hayakuweza kumlipa mtu mshahara.

Mwezi Juni 2012 kampuni iliomba kufilisiwa, ikiwa na madeni ya dola milioni 150 hivi na mali ya milioni 22 hivi. Copernicus haukutolewa kamwe. Schilling alisema amepoteza dola milioni 50 za mfukoni mwake. Jimbo lilifungua kesi dhidi ya waliohusika na katika miaka iliyofuata likarudishiwa dola milioni 61 hivi kwa njia ya suluhu. Sehemu iliyobaki ya deni na riba iliangukia hazina ya umma, yaani walipa kodi ambao wengi wao hawajapata kushika mchezo wa video mikononi. Ama kuhusu Kingdoms of Amalur wenyewe, haki zake zilinunuliwa mwaka 2018 na kampuni ya THQ Nordic, nao ukatolewa upya mwaka 2020. Kazi ilidumu, walioifanya walikwisha kutawanyika.

5. Namna za kujikinga

Kisa hiki si cha kipekee. Ni mfano ulio wazi wa hatari iliyomo katika biashara nzima. Michezo michache hulipa gharama za mingi inayoshindwa. Grand Theft Auto V, uliotolewa tarehe 17 Septemba 2013, uliingiza dola milioni 800 siku ya kwanza na kufikia bilioni moja kwa siku tatu. Baada ya miaka kumi na moja nakala zake zilikuwa zimezidi milioni 200. Kila mchapishaji anayeidhinisha bajeti kubwa anauona mchezo huo mbele yake, kama vile mchimbaji anavyouona mkufu wa dhahabu wakati anapochimba shimo la kumi lisilo na kitu. Kampuni zimetafuta kinga tatu hasa.

Kinga ya kwanza ni mfululizo. Badala ya kubuni jambo jipya, mchapishaji hutoa sehemu ya pili, ya tatu na ya kumi ya mchezo uliokwisha kupendwa. Lakini hata hapa gharama hazitulii. Kwa mujibu wa karatasi zilizowasilishwa mahakamani na Activision mwishoni mwa mwaka 2024, Call of Duty: Black Ops III wa mwaka 2015 uligharimu, katika maisha yake yote, zaidi ya dola milioni 450, na ukauzwa nakala milioni 43. Modern Warfare wa mwaka 2019 uligharimu zaidi ya milioni 640, nakala milioni 41. Black Ops Cold War wa mwaka 2020 ulizidi milioni 700, nakala milioni 30. Mchezo wa mwisho ulikuwa na miaka michache zaidi ya kuuzwa, lakini mwelekeo unaonekana: fedha inapanda na idadi ya wanunuzi haipandi nayo.

Kinga ya pili ni kuacha kuuza mchezo na kuanza kuuza makazi ndani yake. Mchezo hutolewa bure au kwa bei ndogo, kisha mchezaji hununua mavazi, silaha na mapambo mwezi baada ya mwezi. Fortnite wa kampuni ya Epic Games, ambao tangu mwaka 2017 huchezwa bure, uliingiza zaidi ya dola bilioni 9 katika miaka miwili ya 2018 na 2019, kama ilivyofichuliwa katika kesi kati ya Epic na Apple mwaka 2021. Mafanikio hayo yaliwavuta wengi, lakini saa za mchezaji hazigawanyiki bila kikomo. Mtu anayekaa Fortnite kila jioni hana jioni nyingine ya kuwapa washindani. Mchezo wa Concord wa Sony, uliotolewa tarehe 23 Agosti 2024 baada ya miaka mingi ya kazi, ulikosa wachezaji hata ukaondolewa sokoni tarehe 6 Septemba, wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Mwezi Oktoba kampuni iliyoutengeneza ilifungwa.

Kinga ya tatu ni udogo. Eric Barone, Mmarekani, alitengeneza Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Mchezo huo wa kulima na kufuga ulitoka mwaka 2016, na kufikia mwisho wa mwaka 2024 nakala zaidi ya milioni 41 zilikuwa zimeuzwa. Mjini Montpellier, Ufaransa, kampuni ya Sandfall Interactive yenye watu thelathini hivi, ikisaidiwa na mafundi wa nje, ilitoa Clair Obscur: Expedition 33 mwezi Aprili 2025, ukauzwa nakala milioni moja kwa siku tatu. Isidhaniwe kwamba udogo unaleta mafanikio. Michezo midogo inayoshindwa ni mingi mno, na hakuna anayeihesabu. Tofauti ni kwamba mdogo akianguka huanguka kutoka kimo cha kiti, na mkubwa huanguka kutoka juu ya paa, tena akiwa amewabeba mamia ya watu.

Watu hao ndio wanaolipa gharama ambayo haiandikwi katika bajeti. Mwezi Januari 2024, miezi mitatu baada ya kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, Microsoft ilitangaza kuwaachisha kazi watu 1,900 wa idara yake ya michezo. Yaani hata pale mkubwa anapofanikiwa, mishahara hubaki kuwa gharama ya kwanza kutazamwa, kwa kuwa ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

6. Mahali pa Kiswahili na pa Kongo

Kwa wanafunzi wa lugha, lipo fungu moja la bajeti linalostahili kuangaliwa, nalo ni tafsiri. Mchezo mkubwa unaweza kuwa na maneno mengi kuliko riwaya ndefu, pamoja na sauti za waigizaji. Kuutafsiri kwa lugha nyingine ni gharama ya kudumu vile vile: hulipwa mara moja, kabla ya mauzo. Mchapishaji hujiuliza swali moja tu: je, wanunuzi watakaoongezeka kwa sababu ya lugha hii watarudisha gharama ya kuitafsiria? Ndiyo maana Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kijapani hupatikana karibu daima, ilhali Kiswahili, kinachosemwa na mamilioni ya watu toka Moroni hadi Lubumbashi, ni nadra kukikuta. Wingi wa wasemaji hautoshi. Kinachohesabiwa ni wingi wa wanaoweza kulipa. Mtafsiri wa Kiswahili akitaka kuingia katika uwanja huu, yafaa ajue kwamba mlango hufunguliwa na hesabu kabla ya kufunguliwa na hoja za utamaduni.

Upande wa pili wa biashara unaifikia Kongo kwa njia ya ardhi. Mashine za kuchezea zina vifaa vidogo vya umeme vyenye tantalumu, madini yatokanayo na koltani. Na betri za lithiamu za vishikio vyake aghalabu huwa na kobalti. Mwaka 2000, wakati mahitaji ya simu na mashine, pamoja na PlayStation 2 iliyotolewa mwaka huo, yalipopanda kwa pamoja, bei ya tantalumu duniani iliruka mara kadhaa, na watu wengi wa Kivu waliacha majembe wakakimbilia mashimo ya koltani, katikati ya vita. Mwaka 2001 bei ilianguka. Kobalti nayo, ambayo Kongo huchimba sehemu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote, hutoka katika ardhi ya Kolwezi na Likasi, si mbali na madarasa yetu. Katika hesabu ya dola 70 iliyofanywa hapo juu, mtengenezaji, mchapishaji, mwenye duka na mwenye mashine wote wana mafungu yao. Mchimbaji hamo katika hesabu hiyo. Fungu lake limezikwa ndani ya bei ya mashine, na ni dogo kiasi kwamba hakuna mchezaji anayeliona.

7. Hitimisho

Swali lililoulizwa mwanzoni sasa lina jibu. Bidhaa iliyonunuliwa mara milioni moja inaweza kushindwa kuwalisha walioitengeneza kwa sababu nne: gharama yake yote hutangulia mauzo, katika kila bei inayolipwa wapo wenye haki ya kuchukua kabla ya mtengenezaji, bei hiyo hushuka siku hadi siku, na mishahara haingoji. Kampuni ya 38 Studios haikuanguka kwa kukosa vipaji, wala kwa kukosa wanunuzi. Ilianguka kwa sababu fedha iliyopewa ilikuwa ya miezi kumi na saba, na kazi iliyoianza ilihitaji zaidi.

Funzo hilo haliishii kwenye michezo. Filamu, kamusi kubwa, tafsiri ya kitabu kirefu, hata mradi wa utafiti wa chuo kikuu, vyote vina umbo lile lile: gharama nyingi mwanzoni, matunda baadaye. Anayeanza kazi ya namna hiyo, awe tajiri au maskini, yampasa kwanza aulize kwa uwazi kazi itachukua miezi mingapi, na fedha iliyopo ni ya miezi mingapi. Namba mbili hizo zisipolingana siku ya kwanza, hazitalingana zenyewe siku ya mwisho.